Kumi na tatu si nusu inchi

Jumanne iliyopita, adhuhuri imeshaadhiniwa, kijana wangu wa kazi alinijia mikono imejaa masizi na uso umemshuka. "Fundi, ile bolti ya ekzosi imekataa. Spana yateleza."

Nikamuuliza ametumia ipi.

"Kumi na tatu," akajibu, yaani ya milimita.

Sikuhitaji kuinama chini ya gari kujua yaliyotokea. Gari lenyewe ni Land Rover kuukuu lililoletwa kutoka upande wa Kwale, na bolti zake nyingi ndogo ni za inchi. Karakana yangu iko Likoni, Mombasa, na magari haya nayapokea mara kwa mara, kwa hivyo kichwa kile nakijua kwa kidole: bolti yenye mwili wa 5/16 ya inchi, kichwa cha nusu inchi. Nilipomulika tochi, kona nne kati ya sita zilikuwa zimelika, chuma kimebaki kinang'ara kama sarafu mpya.

"Lakini iliingia, Fundi," akasema. Ni kweli, iliingia, na hapo ndipo hatari ilipo. Spana isiyoingia haimdhuru mtu. Inayoingia na kucheza ndiyo inayoharibu.

Hesabu yenyewe ni hii. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, basi nusu inchi ni 12.7. Ukivika spana ya 13 juu yake, pengo ni milimita 0.3, unene wa karatasi tatu hivi za kuchapia. Waweza kuona ni kitu kidogo, lakini spana iliyokaa sawa hubana ule ubapa wa kichwa, na iliyolegea huzunguka kidogo kwanza, kisha hushika ncha za kona tu. Nguvu zako zote zaishia kwenye ncha. Na bolti ya ekzosi iliyokula moto na hewa ya chumvi ya pwani miaka mingi haitoki kwa nguvu ndogo.

Mimi nilifunzwa na ami yangu, Shimanzi, kwenye malori. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoharibu nati ya Bedford kwa kosa hilihili, nikitumia 14 iliyokwisha kutanuka mdomo. Lori lililala siku mbili na mwenye mzigo alikuwa akija asubuhi na jioni. Ami hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa kalipa (chombo cha kupimia upana na unene), kipande cha boksi la kadibodi na penseli, akaniambia, "Pima kila spana iliyo humu ndani, mwanangu, uandike. Usiniulize kitu mpaka umalize." Ilinichukua mchana mzima, na orodha ile bado iko kichwani mwangu.

Kuna saizi za milimita na za inchi ambazo ni kama ndugu wa tumbo moja. 19 na robo tatu inchi: robo tatu ni 19.05, tumia yoyote. 8 na 5/16 ni vivyo hivyo, 5/16 ni 7.94. 16 na 5/8 zakaribiana sana, 15.88. 27 na 1 1/16 huwezi kuzitofautisha kwa mkono. 24 na 15/16 nazikubali kama bolti haijakaza mno, maana 15/16 ni 23.81.

Kuna nyengine zafanana kwa macho tu. 13 na nusu inchi nimeshazieleza. 14 na 9/16 ndizo zilizonitesa mimi: 9/16 ni 14.29, kwa hivyo spana ya 14 nzima haiingii kwenye kichwa cha 9/16, na ya 9/16 ukiivika kwenye kichwa cha 14 itacheza. 11 na 7/16 ni hivyohivyo kwa kipimo kidogo zaidi, 7/16 ikiwa 11.11. Ukisahau yote haya, chukua namba ya juu ya sehemu, zidisha kwa 25.4, gawa kwa ya chini. Simu unayo mfukoni.

Jambo jengine linalowachanganya wanaoanza ni kwamba namba ya spana haisemi unene wa bolti, yasema upana wa kichwa. Bolti ya M8, yaani yenye mwili wa milimita 8, kwenye gari la Ulaya aghalabu ina kichwa cha 13. Bolti hiyohiyo kwenye Toyota kichwa chake ni 12. M10 ya Kijapani ni 14, ya Ulaya ni 17 au 16. Ndiyo maana fundi wa Toyota aweza kufanya kazi wiki nzima na 10, 12, 14 na 17, halafu akiletewa Peugeot ajikute anatafuta 13 kila saa.

Na Waingereza wa zamani walikuwa na mtindo wao. Kule vijijini ukikuta injini ya Lister ya kusagia mahindi, huenda usipate spana yoyote inayokaa, si ya mili si ya inchi. Hizo ni nati za Whitworth, mfumo wa Joseph Whitworth wa 1841, na spana zake huandikwa unene wa bolti, si upana wa kichwa. Spana ya robo inchi ya Whitworth mdomo wake ni kama milimita 13.3! Ukiiokota kwenye rundo la vyuma chakavu ukaona 1/4 W, usidhani imeandikwa vibaya. Ifute, uiweke. Mimi ninazo tatu na siazimi mtu.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu nyuzi, ile mistari ya mzunguko iliyochongwa kwenye bolti na nati, maana hapa hasara yake ni kubwa kuliko kona kulika. Kichwa kukubali spana hakumaanishi bolti zabadilishana. Nati za magurudumu za Land Rover za zamani na zile za baadaye zote zafunguka kwa spana moja, 27, lakini nyuzi sizo. Bolti ya M8 na ya 5/16 zatofautiana unene kwa kiasi cha unywele tu, na nyuzi zake pia si sawa. Nati yaanza vizuri, mizunguko miwili mitatu, kisha yakaza. Ikikaza hivyo kwa vidole, usitie spana. Irudishe nyuma. Nati nzuri hushuka kwa vidole mpaka chini.

Sisi wa pwani tuna shida yetu wenyewe, kutu. Kichwa cha 13 kwenye trela la boti likaalo ufukweni Mtongwe hakibaki 13. Ukishakwangua ganda la kutu, chuma kilichobaki chaweza kuwa chini ya hapo, na ndipo nusu inchi inapokuwa dawa: soketi ya pembe sita, igonge kwa nyundo polepole mpaka ikae, kisha ufungue. Soketi ya pembe kumi na mbili usiisogeze kwenye kichwa kilichochoka, itamaliza kona zilizobaki. Na ajastebo, ile spana ya mdomo wa kupanua na kubana, kama huna budi, ibane mpaka isicheze na uivute upande ambao taya isiyotembea ndiyo inayobeba nguvu.

Kwa pesa za kwanza kabisa ningenunua seti ya mili kuanzia 8 hadi 19, kisha spana nne tu za inchi: 7/16, 1/2, 9/16 na robo tatu. Hizo nne zatosha kazi nyingi za Land Rover. Zangu za inchi nimezipaka rangi nyekundu mkiani, na kijana wangu alijua hilo. Alikuwa na haraka tu, mteja alikuwa amesimama juu yake.

Ile bolti tuliinyunyizia dawa ya kutu tukaiacha ilale. Jumatano asubuhi nilimpa tupa, akasawazisha pande mbili zinazotazamana za kichwa, taratibu, akipima kwa kalipa mpaka ikasoma 12. Dawa tukaifuta yote kwanza, kisha nikaipasha moto kwa gesi. Yeye akavika 12 ya mdomo wazi, akavuta. Ikalia mara moja, ikatoka.

Tukatia mpya ya 5/16, imepakwa grisi ya shaba. Akaishusha kwa vidole mpaka chini, akaokota ile ya mkia mwekundu, akaivika, akafumba macho na kuitikisa kushoto na kulia.

"Haichezi," akasema, akakaza.