Nilivyousoma ukurasa wa mbunge wetu kwa daftari na kalamu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiufungua ukurasa wa Facebook wa mbunge wetu, hapa pwani ya Kenya, na kuufunga bila kujua kama nimeelimika au nimetazama picha tu. Kilichonizindua ni tarehe 25 Juni 2024, Bunge la Kitaifa lilipoupitisha Muswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106 huku vijana wamejaa barabarani wakiupinga. Siku hiyo ukurasa ambao haujapata kulala bila picha mpya ulinyamaza kimya.

Januari iliyofuata nilinunua daftari la shule nikalipiga mistari. Kwa kila picha niliandika tarehe, wadi ilikopigwa, nani amesimama katikati, na kazi inayosifiwa ni ya nani kisheria. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa jasho, kwa sababu ilinibidi kuisoma Katiba ya 2010, ambayo imeziachia kaunti zahanati, shule za chekechea na barabara za kaunti, na kumpa mbunge kazi ya kutunga sheria na kuisimamia serikali. Basari nazo, pamoja na madarasa, hutoka katika fedha za CDF, yaani hazina ya maendeleo ya eneo bunge. Ukurasa wetu ulikuwa umejaa uzinduzi wa barabara za kaunti na mazishi ya watu wenye majina makubwa. Kuhusu hoja za Bunge, ambazo Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, huzichapisha neno kwa neno, miezi mitatu ilipita bila hata sentensi moja.

Picha moja bado naikumbuka. Watu sita wameshika hundi ya kadibodi yenye upana wa meza, na msichana aliyetajwa kuwa ndiye mpokeaji amefunikwa na hundi hiyo hadi puani. Chini yake mama mmoja aliuliza, kwa adabu zote, basari za kidato cha pili zitatoka lini. Waliomsifu mheshimiwa walishukuriwa mmoja mmoja. Swali la mama yule lilibaki pale pale mpaka likazikwa na picha za siku zilizofuata. Ndipo nikaongeza safu ya tano, ya wanaojibiwa, na hadi leo ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Hata hivyo, ukurasa huonyesha mtu anataka aonekane wapi, wala hauonyeshi fedha zimekwenda wapi, kwa hiyo nilihitaji kitu cha kuulinganisha nao. Nikaiandikia ofisi ya hazina ya eneo bunge letu nikiomba mgao wa basari kwa kila wadi, bila majina ya wanafunzi, nikitaja Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma itoe uamuzi ndani ya siku 21. Karani aliigonga muhuri nakala yangu, na muhuri huo ulinifaa sana nilipokwenda kukumbusha.

Siku ya kumi na tisa nilipewa karatasi mbili. Niliziweka kando ya daftari: wadi zilizopigwa picha mara nyingi ndizo zilizoongoza kwa mgao, na wadi yetu, isiyoonekana hata mara moja, ilikuwa ya mwisho. Jioni hiyo hiyo tuliketi wazazi tisa kwa balozi wa nyumba kumi, tukaanza kuandika barua ya pili.