Na Wewe Umetoka Galilaya?

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii imenikalia vibaya, wacha niseme tu ukweli. Jumatatu asubuhi nafungua simu kabla hata sijaomba, nakuta kwenye grupu yetu ya maombi (ya maombi jamani, si ile ya siasa) mtu amefowadi picha ya jaji mmoja, chini yake ameandika jina lake la ukoo kwa herufi kubwa, alafu swali, "Mnashangaa nini?" Basi. Hakuna kueleza kesi ilikuwa ya nini, hakuna hukumu ilisema nini, jina la ukoo ndio ushahidi wote. Na watu wameweka moto na mikono ya maombi hapo chini, mistari miwili mizima.

Uchaguzi wa 2027 bado na tayari tumeanza. Nimejaribu kuibeba hii maneno kwa maombi wiki yote, lakini kila nikianza "Bwana tupe majaji wa haki" moyo unazima, manake najua vile taifa letu la Kenya hufanyia mahakimu na majaji uchaguzi ukishaleta ubishi, na najua sisi watu wa kanisa huwa tuko wapi siku hizo. Hatuko kwa magoti, tuko kwa simu.

Kwa hivyo nikarudi Yohana 7. Mnaikumbuka, ni ile sikukuu ya vibanda, wakuu wamewatuma watumishi wamkamate Yesu na hao watumishi wakarudi mikono mitupu, wakisema hajanena kamwe mtu kama huyu. Hao kwa lugha ya leo ni maafisa wa polisi walioenda kukamata mtu wakakosa sababu. Wakaulizwa kama na wao wamedanganyika. Hapo ndio Nikodemo, mmoja wa hao wakuu, akafungua mdomo, na mimi nataka uangalie alisema nini, kwa sababu hakusema Yesu ndiye Masihi na hakusema yeye yuko upande gani, aliuliza tu, "Je! torati yetu humhukumu mtu, isipokuwa kwanza amesikiwa mwenyewe?" Yaani hoja ya utaratibu tu, hii sheria yetu tunayojivunia inataka mtu asikizwe kwanza. Na majibu aliyopata kutoka kwa wasomi, watu wazima, watu wa dini? "Je! wewe nawe umetoka Galilaya?"

Galilaya ni kwao Yesu. Hakuna aliyejibu swali lake. Waliuliza kwao ni wapi.

Ndugu yangu, hiyo si Yerusalemu peke yake. Tuliishi hapo 2017. Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti, petisheni ikapelekwa Mahakama ya Juu, na Katiba inawapa majaji siku 14 tu za kusikiza na kuamua. Tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu David Maraga akasoma uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili, uchaguzi wa rais umefutwa, urudiwe ndani ya siku 60. Haikuwa imewahi kutokea Afrika. Mimi nilidhani sasa tutabishana kuhusu fomu na mitambo na vile matokeo yalipeperushwa, kwa sababu majaji waliongea hayo. Siku hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta akasimama mbele ya watu akawaita wakora, na baadaye akasema mahakama ina shida na kwamba tutairudia. Kwa mitandao watu wakapanga majaji kwa makabila kama wanapanga timu ya mpira, huyu wetu, huyu wao, huyu amenunuliwa. Na msifikirie ni upande mmoja. 2013 mahakama ilipokataa petisheni matusi yalitoka upande ule mwingine, na 2022 pia. Tukishinda mahakama iko huru, tukishindwa imeshikwa. Hiyo ndio imani yetu halisi kuhusu korti, hata tukikariri Kumbukumbu la Torati.

Wengi wamesahau kilichofuata. Tarehe 19 Septemba, waandamanaji wakiwa wamepiga kambi nje ya Mahakama ya Juu, Maraga alitoka akasoma taarifa. Akasema majaji na wafanyakazi wa mahakama wanatishiwa tangu ile hukumu, na kwamba mkuu wa polisi ameombwa aongeze ulinzi na haonekani kusikia. Akasema kama viongozi wamechoka na mahakama iliyo huru basi waitishe kura ya maoni waivunje kabisa. Na akasema wako tayari kulipa gharama ya mwisho kutetea Katiba. Huyu ni mzee wa kanisa, Msabato, mtu ambaye akihojiwa kwa hiyo kazi 2016 alisema wazi itakuwa vigumu kwake kuketi kortini siku ya Sabato. Unaweza kupenda hukumu yake au kuichukia, lakini alikuwa ameshazoea kuambia wakubwa kwamba kuna Mkubwa zaidi.

Alafu Oktoba. Uchaguzi wa marudio ulikuwa tarehe 26, na kulikuwa na ombi la kuusimamisha ambalo lilikuwa lisikizwe tarehe 25. Jioni ya tarehe 24 dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu, ambaye pia ni mlinzi wake, akapigwa risasi hapa Nairobi akajeruhiwa. Serikali ilikuwa tayari imetangaza tarehe 25 ni sikukuu. Asubuhi mawakili wamefika, kamera ziko, taifa limetulia mbele ya televisheni, majaji watano ndio wanahitajika ili mahakama iketi, na waliofika ni wawili. Maraga na Isaac Lenaola. Jaji Mkuu akaeleza kwa nini wenzake hawako, huyu mgonjwa, huyu hivi, huyu vile, akasema kesi haiwezi kuendelea. Basi, ikaisha hapo. Mimi sisemi nani alimtuma nani, sijui na sitajifanya najua. Nasema tu ile asubuhi nilielewa kwamba haki inaweza kukosekana bila mtu yeyote kusoma hukumu mbaya.

Tena presha si risasi tu. Kuna ile ya polepole ambayo haitoki kwa habari za saa tatu usiku, bajeti ya mahakama inakatwa, majina 41 ya majaji yanapendekezwa 2019 na yanakaa mezani kwa Rais mpaka Juni 2021 ndio 34 wanaapishwa (mmoja alikuwa ameshafariki) na sita wanaachwa nje, nao wakangoja hadi Rais mwingine alipoingia Septemba 2022. Malawi nao, 2020 majaji watano waliletwa kortini na wanajeshi wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi ndio wasome hukumu ya uchaguzi wa 2019. Fulana ya kuzuia risasi chini ya joho. Hebu fikiria kuvaa hiyo asubuhi ukienda kazini.

Lakini hayo ni ya juu, na Bwana wiki hii hakuniacha huko juu. Alinishusha 1 Wafalme 21.

Sisi tukihubiri shamba la Nabothi, lile mfalme Ahabu alilitamani, tunapiga Ahabu na mkewe Yezebeli, na wanastahili. Lakini nani alimuua Nabothi? Yezebeli aliandika barua akatia muhuri wa mfalme akazituma kwa wazee na wakuu wa mji, watu waliokaa pamoja na Nabothi. Majirani zake! Watu waliojua mipaka ya lile shamba, waliojua baba yake. Barua inasema tangazeni kufunga, mfunge kabisa, mketishe Nabothi mbele ya watu, leteni mashahidi wawili wa uongo, mumtoe nje mumpige mawe. Na Biblia inasema wakafanya kama walivyoandikiwa. Hakuna mzee mmoja aliyesema hii barua ina shida. Hakuna aliyeugua ghafla hata. Wakarudisha ripoti, Nabothi amepigwa kwa mawe, naye amekufa. Na ripoti hawakumpelekea Ahabu ambaye muhuri ulikuwa wake, walimpelekea Yezebeli. Kumbe walijua barua imetoka wapi! Walijua tangu mwanzo.

Kuna dada mmoja tunaabudu naye, ni hakimu, amenipa ruhusa niseme hii bila jina na bila mahali. Baada ya uchaguzi fulani alipewa petisheni ya MCA, yule mwakilishi wa wadi, manake hizo huanzia kwa mahakimu. Simu za usiku zilianza, namba asizozijua, sauti inamwambia watoto wake wanasomea wapi na wanavaa sweta ya rangi gani. Hizo anasema alizitarajia. Kilichomvunja ni Jumapili moja jioni, mzee wa kanisa alikuja nyumbani kwake na mfuko wa sukari na mkate, akaketi, akauliza habari ya mama yake mgonjwa, akaomba maombi marefu mazuri, wakanywa chai. Alipokuwa mlangoni anavaa viatu, ameinama anafunga kamba, bila kumwangalia akasema, "Na ile kesi mama, usisahau wewe ni mtoto wetu."

Dada akanyamaza. Akamwambia, "Mzee, hayo maneno yako kortini." Mzee akacheka kidogo akaenda.

Yule dada alilia usiku huo, alafu asubuhi akaandika kila kitu, saa, jina, maneno, akampelekea mkubwa wake kazini, na siku ya kesi akafungua kikao kwa kuwaambia mawakili wa pande zote mbili kwamba amefuatwa kuhusu hii kesi na aliyemfuata ni nani, kama kuna anayetaka ajiondoe aseme sasa. Hakuna aliyesema. Akasikiza kesi mpaka mwisho akaamua. Sitakuambia aliamua upande gani, na kama hilo ndilo swali limekujia kichwani kwanza basi tafakari hii ni yako.

Baada ya hapo ile benchi yake kanisani ilikuwa na nafasi Jumapili nyingi. Watu walikuwa wanamsalimia kwa mbali. Siku moja kwa kesha akaulizwa tumuombee nini, akasema msiombe nipandishwe cheo na msiombe maadui zangu waanguke, niombeeni ile ya Kumbukumbu 1:17, nisiogope uso wa mtu yeyote, kwani hukumu ni ya Mungu. Akaongeza, "hata nyuso zenu." Tukanyamaza wote.

Wapendwa, sisi ndio barua inafika kwetu. Yezebeli hana haja ya kumpigia hakimu simu kama anajua mzee wa kanisa atapeleka mkate. Huyo mheshimiwa anayekuja harambee, anaketi mbele, anapewa maikrofoni kabla ya neno la Mungu, anasema "kuna majaji fulani wanafaa kuenda nyumbani" na sisi tunapiga makofi, ametuma barua na sisi tumeipokea kwa vigelegele. Wachungaji mniwie radhi, nawapenda na wengine wenu mmenilea, lakini hii lazima isemwe. Madhabahu si mahali pa kulaani hakimu ambaye hukumu yake hujaisoma. Umesoma? Hukumu huwekwa kwa intaneti, mtu yeyote anaweza kuisoma bila kulipa, kurasa ni nyingi ndio lakini wewe husoma Mambo ya Walawi. Kama amekosea kuna rufaa, kama amekula hongo kuna Tume ya Huduma ya Mahakama, peleka malalamiko na ushahidi na uweke jina lako. Kukosoa hukumu si dhambi, majaji wenyewe hukosoana, wale wawili wa 2017 waliandika kurasa nyingi kupinga wenzao na hakuna aliyeita mwingine mkora. Dhambi ni kumtisha mtu ili aamue anavyotaka mwenye nguvu, na Kutoka 23:2 haisemi usifuate mfalme kupotosha hukumu, inasema usiandame mkutano. Mkutano! Grupu ya watu 256 ni mkutano.

Katiba yetu nayo imeliandika waziwazi, jaji hayuko chini ya amri ya mtu yeyote, na mkurugenzi wa mashtaka haombi ruhusa kwa mtu ili aanze kesi. Maneno mazuri sana. Lakini Katiba haiwezi kuketi na hakimu kwa ile benchi tupu, hiyo ni kazi yako.

Kuna mtu ameniuliza inbox, kama hakimu kweli amenunuliwa je, bado nimuombee? Ndio, na umripoti, siku hiyo hiyo moja. Pilato naye aliambiwa ukimfungua huyu wewe si rafiki wa Kaisari na akaanguka hapo hapo, sijui kama kuna mtu alikuwa anamuombea mbali na mkewe aliyeota ndoto.

Kwa hivyo Ijumaa kwa maombi tusianze na viongozi wa juu kama kawaida yetu. Tuanze na mahakimu wa korti ya hapa kwetu, kwa majina yao, yako kwa ile orodha ya kesi inayobandikwa ukutani, alafu makarani wanaotunza faili, wapelelezi, waendesha mashtaka, na wale wasimamizi wa uchaguzi wa eneobunge ambao watatia sahihi fomu za matokeo 2027 wakiwa wamezungukwa na vijana wa watu. Na wewe uliyefowadi ile picha Jumatatu, sitakutaja, ifute tu na uje Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, tutaanza na wimbo.