Nilivyojifunza kuokoa penalti nikiwa na miaka 41

Kwenye timu yetu ya maveterani hapa Mwanza, golini hupelekwa asiyeweza tena kukimbia. Goti langu lilinichagulia namba hiyo. Mashuti ya kawaida nikayazoea upesi, krosi nazo nikazimudu, lakini penalti zilinitesa.

Hesabu yake ni ngumu hata kwa kipa wa Ligi Kuu. Mpira unawekwa mita 11 kutoka golini, na ukipigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa unafika baada ya sekunde 0.4 hivi. Mtu akiona kitu, hupita kama sekunde 0.2 kabla mwili haujaanza kuitika. Nusu ya muda imekwisha na bado umesimama wima.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari anayependa fizikia kuliko mpira, alinipima kwa rula. Yeye anaishika juu, mimi naacha vidole wazi chini yake, anaiachia ghafla, naibana. Ilishuka sentimita 20 hivi, yaani zile zile sekunde 0.2. "Mjomba, wewe ni wa kawaida tu," akaniambia bila huruma.

Yeye ndiye aliyenisomea habari za watafiti wa Uholanzi na Uingereza waliofuatilia macho ya makipa, kazi iliyochapishwa mwaka 2002. Makipa wachanga walitazama zaidi kiwiliwili, mikono na nyonga za mpigaji. Wazoefu waliangalia miguu yake na mpira. Tukaamua mazoezi yawe ya macho.

Akasimama nyuma ya goli na simu (letu halina nyavu, kwa hiyo hakikumzuia kitu), akarekodi wenzangu wakipiga, kisha akazikata video pale mguu unapogusa mpira. Jioni baada ya chakula anauliza, "Kushoto au kulia, mjomba?" Najibu, ananionyesha ulikokwenda. Nilipoanza kupatia, akawa anakata mapema zaidi, mguu ukiwa bado hewani. Tulifanya dakika chache tu kila siku, maana nikichoka nilikuwa nabahatisha, na ubongo huendelea kuyapanga mafunzo mtu akiwa amelala.

Mwanzoni nilikuwa najisemea moyoni: mguu wa kusimamia umeelekea wapi? Mara nyingi mpira hufuata huko. Baada ya wiki kadhaa sikujisemea chochote, jibu lilikuja lenyewe, na uwanjani nikajikuta nimeshaegemea upande kabla mpira haujaondoka. Neva zinazofanya kazi pamoja mara kwa mara huimarisha miunganiko yake. Utafiti wa mwaka 1995 uliona jambo la jamii hiyo kwa wapiga fidla: sehemu ya ubongo inayopokea hisia za vidole vya mkono wao wa kushoto ni kubwa kuliko ya watu wasiopiga ala za nyuzi.

Msimu ulipoisha tukarudia rula. Sentimita zilezile, labda moja pungufu! Wepesi wa vidole haukubadilika, ila sasa naanza kujibu mapema, na penalti kadhaa nimezipangua mbele ya watu waliokuja kunicheka.

Tatizo lililobaki ni dereva mmoja wa bodaboda anayepiga kwa mguu wa kushoto. Video zetu zote zilikuwa za wapigaji wa kulia, na kwake nabahatisha kama zamani. Mpwa wangu ameanza kumrekodi peke yake, kila Jumamosi, kwa malipo ya soda.