Sukuma yangu juani

Mchana wa saa saba nilipanda juu ya paa hapa Umoja kuanua nguo, nikakuta sukuma za kwenye gunia zimelegea, majani yamejikunja ukingoni. Jua la Februari Nairobi halina huruma, na mfereji umekauka tangu juzi.

Ukiliangalia jani kama hilo utadhani limezimia tu. Kumbe ndani mna purukushani! Kloroplasti, vile vichembe vya kijani vinavyotengeneza chakula, zikipigwa na mwanga kupita kiasi huzalisha oksijeni kali na haidrojeni peroksaidi, kemikali zinazoweza kuiharibu seli. Lazima kiini cha seli kijulishwe, maana kloroplasti yenyewe ina jeni mia na kidogo, ilhali protini inazohitaji ni kama 3,000. Karibu zote zinaagizwa kwa jeni za kiini. Ni kama tawi la duka: lisipopeleka taarifa makao makuu, litaletewa mzigo usiofaa.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba baadhi ya kloroplasti hukaa zimekikumbatia kiini kabisa. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa peroksaidi inaweza kutoka kwenye kloroplasti hizo ikaingia kiini moja kwa moja, na jeni za kujikinga zikawashwa.

Na si habari mpya sana. Mwaka 1993 watafiti walishapata mimea ya Arabidopsis, ndugu mdogo wa sukuma, ambayo kiini chake hakisikii kloroplasti zikiharibika. Wakaiita gun, kifupi cha Kiingereza "genomes uncoupled", yaani jenomu zilizoachana. Jeni mojawapo, GUN1, hadi leo inawaumiza wataalamu vichwa.