Mashua Iliyonizidi Umri
Mashua yangu ya mbao imenizidi umri, na siku ya kwanza kuishusha mtoni ilivuja kama pakacha. Sikuhangaika. Mbao zikikauka huachana. Niliiacha imezama nusu kwa siku mbili, zikavimba na kubanana zenyewe. Palipobaki pakivuja nilitia kalafati ya pamba, yaani nyuzi za kuziba nyufa kati ya mbao.

Kabla ya kuinunua nilidunga kila ubao kwa ncha ya kisu, hasa karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua chini kabisa. Kisu kikizama kama kwenye ndizi mbivu, ondoka, hata ukipewa bure. (Rangi mpya inayong'aa ndiyo hunitia shaka zaidi.)

Injini sina, na mafuta sinunui. Asubuhi napiga makasia kupanda mto nikiwa na nguvu. Jioni mkondo wenyewe unanirudisha nimejilaza, kopo la kuchotea maji mapajani.