Siku moja maishani mwangu: themomita nne na sufuria ya maharage, Uyole

Saa 11 alfajiri. Mwisho wa Julai hapa Uyole, Mbeya, ukitoa tu mkono nje ya blanketi unajua uko mwezi gani. Nimeamka mapema sababu ya maharage, kilo mbili niliyaloweka jana usiku. Swali lenyewe lilitoka kwa mtoto wiki iliyopita, alienda likizo Dar kwa shangazi yake akarudi anauliza, ticha, kwanini kule maharage yanaiva chapchap na huku kwetu ambako ndo yanalimwa yanakaa jikoni mpaka mkaa unaisha? Jibu nlikuwa nalo mdomoni nikalimeza, nikamwambia Jumatano tutapima. Sasa leo ndo Jumatano.

Kwa wasiojua, nasimamia programu ya watoto baada ya shule, darasa la sita, la saba na kidato cha kwanza, wako 24, tunakutana mara mbili kwa wiki kwenye ukumbi wa kuazima, na kila watoto sita wana kaka au dada mlezi ambaye ni mwanachuo. Walezi kazi yao ni kukaa na watoto, kuwasikiliza, kuwashauri mambo ya shule na ya nyumbani. Ila nimejifunza kwa miaka hii michache kwamba ukimkalisha mtoto kwenye kiti ukamwambia haya niambie una shida gani, hupati kitu, anakuangalia tu viatu. Mpe kwanza kitu cha kushika.

Saa 2 asubuhi niko sokoni Mwanjelwa. Mkaa, viberiti, mafuta ya taa kidogo, halafu barafu. Mama muuza juisi akaniangalia na koti langu na kofia ya sufu, "Baridi yote hii mwanangu, barafu ya nini?" Nikamwambia ya wanafunzi, wanapima. Kanifungia na ya juu bure, nikamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, akacheka maana lafudhi yangu anaijua sio ya Tukuyu.

Saa 4 nimefanya jaribio lote peke yangu kwanza. Hii ni sheria yangu, kitu ambacho sijakijaribu kwa mikono yangu hakiendi kwa watoto. Mwaka jana tulileta taa ndogo, betri na waya seti tatu tu kwa watoto wote, wavulana watatu wakubwa wakazishika mwanzo mwisho na wasichana wakawa wanaangalia mabega ya wenzao, siku ile niliumia sana. Toka hapo kila kundi lina kazi zake: wa moto, wa themomita, wa saa, wa kuandika, wa kuchora grafu, na kila baada ya dakika kumi mnabadilishana, hakuna wa kudumu.

Saa 7 maharage yanabandikwa jiko la nyuma. Saa 8 walezi wanafika, nawakumbusha jambo moja tu, usijibu swali kabla mtoto hajakadiria, aandike kabisa kwenye daftari anadhani itakuwa ngapi.

Saa 9 na nusu wameingia, 22. Uji wa ulezi kwanza maana wengine toka asubuhi hawajatia kitu mdomoni, af tukatoka nje. Majiko manne, sufuria nne, lita moja moja ya maji, themomita nne tulizoazima maabara ya sekondari moja, zile za kimiminika chekundu zinazofika 110, na ndoo ya maji baridi pembeni kama mtu ataungua. Wote wameandika makadirio na karibu wote wameandika 100, kwa sababu ndo iko kwenye vitabu.

Kila dakika mbili wanasoma. 31, 48, 66, 80, kelele zinaongezeka, 91, 93, maji yanachemka kabisa mapovu makubwa, 94. Dakika mbili tena, 94. Wakapepea jiko kwa nguvu mpaka cheche zinaruka, 94. Kundi moja lilikuwa 93, mengine matatu 94 na hakuna kinachosogea. Basi ukaanza ubishi, themomita mbovu, hapana mkaa ndo mbichi, hapana ticha umetununulia feki.

Sasa hapa ndo kuna kitu nataka nisimulie vizuri. Kuna binti wa kidato cha kwanza, wiki tatu yuko na sisi hajawahi kusema zaidi ya "ndio". Alikuwa zamu ya moto, mimi nimechuchumaa pembeni yake namsaidia kupepea, macho yote kwenye mkaa, na bila kumuuliza kitu akaanza kuongea. Kwamba msingi alikuwa anajibu maswali yote, sayansi alikuwa anapenda, ila sekondari kila kitu ni Kiingereza, mwalimu akiuliza jibu analo, ila wakati anatafuta maneno mwenzake ashanyoosha mkono, basi siku hizi hanyooshi tena. Sikumgeukia, nikaendelea kupepea, nikamwambia tu endelea nakusikia. Na katikati ya ule ubishi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si tuiweke kwenye barafu, kama nzima itasoma sifuri."

Wote kimya. Tukaponda barafu, tukaweka na maji kidogo, themomita ikashuka taratibu mpaka 0 ikatulia. Wakajaribu zote nne. Yaani nlitaka kuruka.

Ndo tukakaa chini tukaongea. Hapa tuko mita kama 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa inayotugandamiza ni nyepesi kuliko ya Dar, kwahiyo maji hayahangaiki sana kugeuka mvuke, yanachemka mapema, na yakishachemka hata uchochee moto vipi joto halipandi tena, unapoteza mkaa tu. Ile 100 ya vitabuni ni ya usawa wa bahari, kila ukipanda kama mita 300 inapungua digrii moja hivi. Maharage yanapikwa na joto sio na mapovu. Mtoto mmoja kwao Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, akasema ndo maana kule kwa bibi yanawahi, tukapiga hesabu, pale ni kama 98. Wakataka na Kitulo, kule juu milimani, mita 2,600, tukapata kama 91, wakawaonea huruma watu wa kule. Binti akauliza kuchemka huku kwa Kiingereza tunaandikaje, nikaandika "boiling point" ubaoni, akaiandika kwenye grafu yake na chini yake namba 94.

Saa 11 na nusu tumekula maharage. Yalikuwa bado magumu kidogo, masaa manne na nusu hayo!

Saa 12 jioni mama mmoja kaja kumchukua mwanae. Shikamoo mama. "Marahaba mwalimu, naomba nikuulize bila kukwazana, mtoto anarudi ananuka moshi na wenzake wako tuisheni." Wasiwasi wake ni wa haki, mtihani upo na ni mgumu. Nikamwomba mwanae afungue daftari amweleze mama yake mwenyewe. Mama akasikiliza mpaka mwisho akasema, sisi huwa tunaweka jiwe juu ya mfuniko. Tumekubaliana wiki ijayo tunapima, sufuria yenye jiwe na isiyo na jiwe, mkaa kiasi kilekile, ipi inawahi.

Saa 3 usiku naandika ripoti, meseji ikaingia, ni baba wa yule binti. Binti amefika nyumbani kamwambia bibi yake maharage hayaivi sababu ya mlima, bibi kabisha kabisa, wamebishana mpaka chakula kimepoa, sasa wanaomba themomita moja kesho.

Nimeshaifunga kwenye taulo, iko kwenye begi.