Swali Ambalo Ami Hakutufundisha

Mpwa wangu, yule mshairi, aliniandikia juzi usiku swali moja tu, bila hata salamu: "Mjomba, nikianguka mtihani huu watanifutia nafasi?" Chuo chake kipya cha Marekani kimemtaka afanye mtihani wa hisabati kwa njia ya intaneti kabla hajasafiri, ili walimu wajue wamwingize darasa gani. Nilimjibu kwamba mtihani huo hauna kuanguka. Hakuniamini, wala simlaumu, maana mwezi wa Julai mwaka 2017 niliambiwa maneno hayo hayo, na katika nyumba yetu nzima pale Langoni, Lamu, hapakuwa na mtu mmoja aliyeyakubali. "Mtihani usio na kuanguka," alisema bibi yangu, "hayo ni mazungumzo."

Ami yangu ndiye aliyekuwa mwalimu wangu tangu kidato cha kwanza. Wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu kufundisha hisabati, na kwa kuwa barua ya chuo haikudai msimamizi yeyote, alijiteua mwenyewe. Alasiri ya siku ile alinikuta katika ofisi ya binamu yangu ya kukatia tiketi za mabasi, ghorofani karibu na jeti, mahali ambapo mtandao ulikuwa na nafuu hata kusi ilipovuma kwa nguvu. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Aliivua saa yake ya mkononi akaiweka mezani mbele yangu, akachukua simu yangu, kisha akachukua na kikokotoo. Nilipomweleza kwamba programu yenyewe huleta kikokotoo chake kwenye skrini pale tu swali linapokiruhusu, aliridhika, akasema kwamba katika hilo angalau Wamarekani wamefikiri.

Programu hiyo iliitwa ALEKS, na vyuo vingi vya huko vinaitumia hadi leo. Maswali yake hayazidi 30, wala hayana majibu ya kuchagua. Jibu unaliandika mwenyewe. Kila swali huteuliwa kufuatana na jinsi ulivyojibu yaliyotangulia, huambiwi kama umepata au umekosa, na ukishalituma jibu huwezi kulirudia. Hilo la mwisho lilimuudhi Ami kuliko yote. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amewafunza watahiniwa wa kidato cha nne namna ya kuukabili mtihani wa taifa: karatasi ya saa mbili na nusu, maswali 16 ya lazima katika sehemu ya kwanza, kisha matano ya kuchagua kati ya manane katika sehemu ya pili, na mtahiniwa mwenye akili huanza na analolijua, huliruka linalomtisha, kisha hulirudia damu ikishatulia. Zaidi ya yote, haachi pengo. Usipoujua mwisho wa swali, andika mwanzo wake, kwa sababu msahihishaji hutoa alama za njia, na alama moja ya njia yaweza kumtoa mtu gredi moja ikampandisha nyingine.

Maswali ya mwanzo yalipita upesi: sehemu, asilimia, milinganyo. Nilikuwa nikilingoja lile la latitudo na longitudo, la kutafuta umbali kati ya miji miwili juu ya uso wa dunia, ambalo sisi watoto wa Lamu tulijivunia kulipata kana kwamba tumerithishwa na manahodha. Halikuja.

Likaja hili. Kwenye skrini ilitokea herufi f, kando yake x katika mabano, kisha alama ya usawa, kisha sehemu: 2x + 1 juu, x − 3 chini. Nikaulizwa nitafute f nyingine iliyobebeshwa −1 ndogo begani. Mimi f ya namna hiyo sikuwa nimeizoea. Ile −1 nilikuwa nimeiona pahali pawili tu, juu ya matriksi na juu ya namba, na juu ya namba maana yake ni kupindua. Basi nikafikiri: nipindue, x − 3 ije juu, 2x + 1 ishuke chini, huenda ndilo jibu, huenda silo, lakini pengo halitakuwapo. Vidole vilikuwa tayari juu ya kibodi. Chini ya swali palikuwa na kitufe nilichokuwa nikikikwepa tangu mwanzo, kitufe cha kukiambia chuo kwamba hujui.

Nilimtazama Ami kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameinama mbele, miwani imemshuka puani, akisoma. Nje punda alikuwa akipakuliwa mifuko ya saruji, na mwenyewe alikuwa akimgombeza kwa maneno ambayo siku nyingine Ami angetoka kuyakemea. Siku ile hakuyasikia. Mkono wake ulikuwa gotini, na kidole cha shahada kilikuwa kikitembea juu ya kanzu, kutoka kushoto kwenda kulia, kikashuka kidogo, kikatoka tena kushoto kwenda kulia, kikashuka, kikasimama. Nimesoma mbele ya ubao wa mtu huyu tangu kidato cha kwanza. Naujua mwendo wa mkono wake anapoandika mlinganyo, na najua unavyosimama jibu linapopatikana. Nilingoja akohoe. Nilingoja aseme neno lolote, hata la kunikaripia, ambalo ningeweza kulichambua nikapata pa kuanzia. Aliisukuma miwani juu, akageukia dirisha linalotazama baharini.

"Hili sikuwafundisha," alisema. "Bonyeza."

"Nibonyeze wapi, Ami?"

"Hapo pa mtu asiyejua."

Nikabonyeza. Swali likatoweka, likaja jingine jepesi kidogo, na kuanzia hapo kitufe kile hakikunitisha tena. Nilikitumia kila palipostahili, na Ami hakufungua kinywa mpaka mwisho.

Alama zilitokea papo hapo: 44 kati ya 100. Baba alitaka kujua hiyo ni gredi gani. Mama alitaka kujua kama awaambie watu. Barazani, wazee walipouliza kama nimepita, Ami alijibu, "Amewekwa," na kwa heshima waliyokuwa nayo kwake hakuna aliyeuliza nimewekwa wapi.

Niliwekwa aljebra ya kati, somo ambalo halikuhesabiwa katika shahada ingawa karo yake ilihesabiwa vizuri sana. Muhula mzima nilikaa nikifundishwa mambo ambayo mengi nilikuwa nikiyajua. Nilikutana huko na vijana waliokuwa wameufanya mtihani ule ule vyumbani mwao, kaka mkubwa akiwa ubavuni. Mmoja alipelekwa moja kwa moja kwenye kalkulasi, akaiacha kabla ya nusu ya muhula. Mwingine alifika huko kwa hila ile ile, akakesha na vitabu, akafaulu, akahitimu kabla yangu. Ningependa kisa cha yule wa kwanza kiwe ndicho pekee ninachokijua.

Baadaye nilisoma kwamba chimbuko la programu ile ni nadharia ambayo Jean-Paul Doignon na Jean-Claude Falmagne waliichapisha mwaka 1985: kwamba maarifa ya somo yana mpangilio, kwamba anayeliweza jambo fulani yaelekea analiweza na lile lililo chini yake, na kwa hiyo maswali machache yaliyoteuliwa vizuri yaweza kuonyesha mahali mtu alipofika. Kwa mashine ya namna hiyo, jibu la kubahatisha likiangukia kuwa sahihi ndilo hasara, na kukiri kutojua ni habari kama habari nyingine. Kwa hesabu hiyo Ami alifanya sawa. Linalonitatiza ni kwamba swali lile nililiweza. Kilichotakiwa ni kuitenga x upande mmoja, kazi ambayo Ami mwenyewe alitufundisha tukiwa kidato cha tatu. Kigeni kilikuwa mavazi tu. Je, mtu mwenye zana zote mkononi, asiyejua tu kwamba ndizo zinazohitajika, anajua au hajui? Na mwalimu anayeliona hilo akanyamaza, amemlinda mwanafunzi au amemtoza karo ya muhula mmoja? Nimejaribu majibu yote mawili, na kila moja hunikaa vizuri kwa muda.

Nilipokuja likizo mara ya kwanza nilimkuta barazani, nikaliandika swali lile nyuma ya karatasi ya kalenda, nikampa. Aliweka y mahali pa f, akazidisha, akakusanya x zote kushoto, akagawanya. Mistari mitatu, na jibu likatoka: 3x + 1 juu, x − 2 chini. Kisha akaniuliza kama kweli nilisafiri mpaka Marekani kwenda kufundishwa kitu hiki. Nikamkumbusha ofisi ya tiketi na siku ile ya mtihani. Alisema hawezi kukumbuka kuliona swali lile, kwa kuwa msimamizi haruhusiwi kusoma karatasi ya mtahiniwa.